Wadau wa PS2, ukipewa nafasi ya gemu moja tu ifanyiwe rimasta unachagua ipi?

Pedi ya Waya

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa nasafisha stoo kwa mama huku Temeke nikakutana na boksi, kufungua ndani kuna PS2 yangu slim, pedi mbili, memori kadi ile ya MB 8 na CD kama kumi hivi. Nikaichukua nikaichomeka kwenye flati skrini ya sebuleni, nikaweka Black, na imewaka bila shida yoyote. Ila picha sasa, picha imefifia yote, kingo za kila kitu zina ngazi ngazi, maandishi kama yameloa maji. Mdogo wangu ana miaka 14 akaangalia dakika mbili akaniuliza kaka, mlikuwa mnaona nini hapa? Niliumia kwa kweli, maana ile gemu naijua vizuri na alichokiona yeye sicho tulichokuwa tunakiona sisi.

Kwa ambao hawakuiwahi, Black ilitoka 2006, wameitengeneza Criterion walewale wa Burnout, ile gemu ya mbio za magari. Staa wa ile gemu ni bunduki. Ukipiga ukuta unabomoka, vioo vinashuka, vumbi linabaki hewani mpaka humuoni adui, na ukibadilisha magazini kila kitu mbele yako kinakuwa ukungu, macho yako yanabaki kwenye mkono na bunduki tu. Na sauti! Kibanda kizima cha gemu kilikuwa kinanyamaza. Yote hayo kwenye mashine yenye RAM ya MB 32, wakati simu ya bei rahisi kabisa leo ina GB 2 au 3. Misheni zilikuwa 8 tu, inaisha ukiwa bado una njaa nayo.

Basi swali langu ndiyo hilo, unachagua ipi na kwa nini. Naomba tusitaje zilizokwishafanyiwa kama Shadow of the Colossus au Resident Evil 4, na tusichanganye rimasta na rimeki. Rimasta ni nyumba ileile unaipiga lipu na rangi upya, rimeki umevunja umejenga nyingine kwenye kiwanja kilekile.

Crow_wa_Mbagala

Mkuu mimi hata sifikirii mara mbili, Def Jam Fight for NY ya 2004. Hakuna gemu ya ngumi iliyonipa raha kama ile mpaka leo. Kulikuwa na staili tano, unaanza na moja halafu unaongeza mpaka zinafika tatu kwa mtu mmoja, kwa hiyo wawili mkikaa hata kama mmechagua miili inayofanana mnapigana tofauti kabisa. Mimi nilikuwa nachanganya mieleka na kukaba. Halafu ukumbi wenyewe ni silaha, unambamiza mtu ukutani, mashabiki wanamshika unampiga, na ile stesheni ya treni ya chini ya ardhi unamsukuma relini treni inapita naye. Pale mechi ilikuwa haina muongozaji, hata uliyebakiza damu kidogo ukivizia ukamsogeza ukingoni umeshinda.

Na Snoop Dogg ndiye adui mkubwa anaitwa Crow, jina langu humu limetoka huko. Method Man yumo, Busta Rhymes yumo, Ludacris, Fat Joe, Ice-T, mpaka Danny Trejo. Wameigiza sauti zao wenyewe, sura zao wenyewe.

Iliyofuata, ile Icon ya 2007, walibadilisha mapigano wakayafungamanisha na mdundo wa muziki, mimi nilicheza siku moja nikarudisha CD ya watu. Kwa hiyo ninayoitaka ni ile ya 2004 kama ilivyo, mapigano yasiguswe hata kidogo.

Bi Konsoli

Crow nakuunga mkono kwa moyo wote ila hiyo yako ndiyo ngumu kuliko zote humu, na sababu yake ni hao hao uliowataja. Sura ya msanii, sauti yake, wimbo wake, mpaka nembo za nguo na cheni alizovaa, kila kimoja kina mwenyewe na kila kimoja kilikuwa na mkataba wake. Ukitaka kuuza upya unaanza kugonga milango ya makumi ya watu pamoja na lebo zao. Akikataa mmoja inabidi umtoe, na stori nzima imejengwa juu yao. Ona tu GTA San Andreas, baadhi ya nyimbo za redioni zilishaondolewa kabla hata ya ile trilojia mpya, yaani GTA tatu za zamani zilizorudishwa pamoja, sababu leseni zilikwisha muda.

Na siyo hiyo tu. Kuna taasisi Marekani inaitwa Video Game History Foundation, 2023 walitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka kule kabla ya 2010 hazipo sokoni tena kwa njia halali. Yaani ukiwa na hela yako mkononi huna pa kununulia. Mimi ndiyo maana nikisikia rimasta sifikirii grafiksi kwanza, nafikiria gemu irudi dukani mtu aweze kuipata. Black angalau mwenye Xbox mpya anaweza kuicheza ile ya zamani, sisi wa upande wa PlayStation hatuna kitu.

Mwana wa Nyali

Salaam ndugu zangu, mimi niko huku Mombasa na umri wangu wote wa shule ya msingi uliishia pleisi ya PS pale mtaani kwetu, wallahi mamangu alikuwa akijua pa kunitafuta. Nataka niseme jambo kuhusu San Andreas kwa kuwa imetajwa, maana hiyo ndiyo ilinifanya nianze kuogopa hizi rimasta.

Ile ya 2004 mukikumbuka ilikuwa na ukungu wa rangi ya machungwa mchana, Los Santos yote joto joto hivi, mbali huoni. Ule ukungu uliwekwa kwa sababu PS2 haiwezi kuchora ramani yote kwa wakati mmoja, ni kificho. Lakini kwa sababu ya kile kificho ukitoka Los Santos na baiskeli mpaka mashambani unahisi umesafiri safari ya haki, na mlima Chiliad unautokea ghafla. Sasa 2021 wakatoa trilojia yao mpya, ukungu wameutoa. Ukipanda ndege ukaenda juu kidogo unaona visiwa vyote vitatu hivi hapa, San Fierro iko hatua mbili, jangwa liko pale. Nchi nzima ikawa kama uwanja wa mpira! Mvua nayo ikawa mistari myeupe hata barabara huioni, na sura za watu zikalainishwa kama plastiki. Rockstar, wenye gemu, waliomba radhi wenyewe mwezi ule ule. Ilichukua mpaka Novemba 2024 ndipo wakaleta sasisho la kurudisha mwanga na anga ya zamani, miaka mitatu hiyo.

Kwa hiyo Pedi ya Waya, hiyo Black yako wakiifanya halafu waseme vumbi linazuia watu kuona, tulisafishe, itakuwa wameua nini?

Pedi ya Waya

Mwana wa Nyali umenigusa hasa penyewe. Wakitoa vumbi wamemaliza gemu. Vumbi ndilo linalokufanya upige risasi usikojua. Dah, sikuwahi kulifikiria hivyo, kwamba kile tunachokiita udhaifu wa mashine ndicho waliokuwa wanatengeneza walikitumia kama rangi.

Bi Konsoli, hilo la leseni sawa, lakini Black haina msanii wala timu ya mpira, kwa nini hawafanyi?

Bi Konsoli

Hapo sasa inategemea na kilichobaki kabatini. Mimi kazi yangu ni programu, siyo za gemu, ila najua jinsi vitu vinavyopotea kazi ikishakabidhiwa. Zamani gemu ikishachapwa kwenye CD ilionekana imekwisha, nani ahifadhi mafaili?

Mfano Kingdom Hearts ya 2002. Walipotaka kutoa toleo la HD 2013 Square Enix, wenye gemu, walikuta data nyingi za asili hazipo, ikabidi wachimbue kutoka kwenye CD iliyouzwa na vingine watengeneze upya. Silent Hill 2 ndiyo mbaya zaidi, ile HD ya 2012 ilifanywa kwa kodi (maandishi ya programu yenyewe) ambayo haikuwa ya mwisho, kwa sababu Konami, wenye gemu, hawakuwa na ile ya mwisho. Yaani timu mpya ikaanza kurekebisha makosa ambayo wenzao walikuwa wamesharekebisha 2001. Ukungu ukaharibika, na ule mji bila ukungu wake hautishi. Ilibidi tusubiri rimeki ya 2024 ndipo ikapata heshima yake.

Na hata kodi ikiwepo, gemu nyingi za wakati ule mwendo wa vitu umefungwa kwenye idadi ya fremu, yaani picha zinazopita kwa sekunde moja. Ukitoa fremu 30 ukaweka 60 kirahisi tu, magari yanaenda ndivyo sivyo. Waliocheza San Andreas ya kompyuta wakazima kile kizuizi cha fremu wanajua, CJ, yule unayemchezea, akiingia majini anaogelea kama kafungwa jiwe mguuni.

Mimi mfano wangu wa kazi nzuri ni Tomb Raider tatu za mwanzo zilizotoka Februari 2024. Unabonyeza kitufe kimoja katikati ya mchezo, picha inarudi ya zamani, unabonyeza tena inakuja mpya. Hakuna aliyefutiwa kumbukumbu yake. Wangefanya hivyo kwa kila gemu nisingekuwa na neno.

Merseyside Red

Nyote mnasahau PES 6, gemu ya mpira jamani 😭 Adriano wa Inter, mguu wa kushoto, popote alipo ni goli. Sisi mashabiki wa Liverpool timu yetu haikuwa hata na jina, imeandikwa Merseyside Red, na tulicheza hivyo hivyo kwa mapenzi. Mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha na hela yake analipa. Hiyo ndiyo nataka.

Crow_wa_Mbagala

Merseyside hiyo naipenda ila leseni zake si ndiyo hatari zaidi ya rapa wangu 😄 wachezaji karibu elfu kadhaa. Bora wabuni majina yote wabakize mguu wa Adriano.

Fundi Chogo

Pedi ya Waya kabla hujaisubiri rimasta nisikilize. Kwanza, gemu zile zilichorwa kwa ajili ya TV ya chogo, ile nene ya zamani. Ile skrini inalainisha yenyewe kingo, rangi zinaingiliana, na mistari ya picha inakuja kwa zamu, nusu kisha nusu. Flati skrini inapokea picha ile ndogo inaivuta mpaka ienee, ndiyo maana ukaona ngazi na ukungu. Pili, nina uhakika umetumia waya ule wa njano. Tafuta kebo ya komponenti, ile yenye vichwa vitatu vya picha, nyekundu, kijani na bluu, ukiacha vya sauti. Utaona tofauti siku hiyo hiyo. Na ukipata TV ya chogo nzima usiiache, watu wanazitupa tu siku hizi.

Emyuleta, programu inayoigiza PS2 kwenye kompyuta, nayo inasaidia, unapandisha rezolusheni mara nne picha inakuwa kali kama wembe, lakini hapo ndipo unaona sura za watu zilivyochorwa kwa picha ndogo ndogo, kwa hiyo haijawa rimasta.

Pedi ya Waya

Fundi Mungu akubariki. Jana nimezunguka Kariakoo kutwa kebo nimekosa, ila jirani alikuwa na TV ya chogo inchi 21 imekaa uani imefunikwa turubai, kanipa bure. Tumeibeba watu wawili na dogo, tumefuta vumbi, tumechomeka na waya ule ule wa njano.

Kimya sebule nzima. Dogo hajauliza tena tulikuwa tunaona nini. Saa hizi yuko Tivliz Asylum, misheni ya Black, pedi kanikatalia, mama kashapiga kelele mara mbili tupunguze sauti.