Naomba ushauri: kisigino kinaniuma, nichomwe sindano au niendelee na mazoezi?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nasimama karibu siku nzima kwenye sakafu ya saruji. Huu ni mwezi wa tano tangu kisigino cha kulia kianze kunitesa. Nikiamka, zile hatua za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni ni kama nakanyaga msumari. Nikitembeatembea maumivu yanapungua, jioni yanarudi.

Daktari amesema ni fashia ya unyayo, ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, akapendekeza sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Naiogopa, kwa sababu nafuu yake mara nyingi ni ya muda, na wapo wachache ambao utando wao hukatika baadaye.

Nimesoma utafiti wa Denmark wa mwaka 2014, wa Michael Rathleff na wenzake, kwa wagonjwa 48. Waliopandisha na kushusha kisigino polepole juu ya ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, siku moja ndiyo siku moja hapana, walipata nafuu zaidi kwa miezi 3 kuliko waliojinyoosha tu. Kufikia miezi 12 wakalingana.

Nina wiki 3 sasa, nakunja kanga badala ya taulo. Lakini kesho yake mguu unauma zaidi, hadi nashika ukuta. Waliopitia hili, ni kawaida mwanzoni au nimezidisha? Na waliochomwa sindano, nafuu ilidumu muda gani? Daktari ananisubiri wiki ijayo nimpe jibu.