Mantra M6 au Enforcer 94: ipi inashika barafu bila kunimaliza kwenye matuta?

Mteremko
Wakuu, naomba ushauri. Natafuta skii (mbao za kutelezea kwenye theluji) aina moja ya mlima mzima: asubuhi njia zilizosawazishwa, mchana theluji iliyokwisha kuvurugwa. Nimebaki na Völkl Mantra M6 (milimita 96 chini ya buti) na Nordica Enforcer 94. Nina kilo 82. Kona ndefu naziweza, ila matuta ya theluji yananichosha mapaja mapema. Aliyezipanda zote anieleze.

KingoKali
Upana usikusumbue mkuu, milimita 2 mguu hauzisikii. Zote zina mbao na titanali (aloi ya alumini) ndani. Tofauti utaiona kona inapoisha.

Mantra ina mikunjo mitatu ubavuni: mirefu kwenye ncha na mkia, mfupi chini ya mguu. Ukiilaza kidogo inakwenda kona ndefu. Ukiilaza sana na kuikandamiza, kona inafunga. Kwenye theluji ngumu inang'ang'ania hadi raha. Lakini mkia wake hauachii kirahisi, na ukikalia nyuma kwenye matuta inakubeba inakotaka yenyewe.

Enforcer mkia umeinuliwa kidogo, unausukuma pembeni unateleza. Na theluji ya mabonge inaipita kimya kimya, haitetemeki. Kwa mapaja hayo uliyoyasema, chukua hiyo.

Barafu_Tupu
Napinga. Kama mlima wako asubuhi unang'aa barafu, Mantra. Matuta ni ufundi, utajifunza.

MamaTheluji
Kabla hamjagombana: akikodi za kujaribu, akague kingo za chuma kwanza. Pitisha ukucha kwa kukatiza ukingo, kuanzia ncha hadi chini ya buti. Ukibaki unga mweupe wa ukucha, umenolewa. Ukiteleza tu, rudisha wanoe, maana skii butu itakudanganya kwamba haishiki barafu. Halafu zipande siku moja, mteremko uleule, buti zako mwenyewe.

Mteremko
Asante dada. Na urefu? Nina sentimita 178. Muuzaji anasema nishuke hadi Mantra 170.

KingoKali
Usishuke. Ncha na mkia vimeinuka, ukisimama wima sehemu inayogusa theluji ni fupi kuliko namba iliyoandikwa. Mantra 177 au Enforcer 179.

Mteremko
Basi nakodi zote, na nitazijaribu mchana theluji ikishachafuka. Barafu_Tupu, nitaleta majibu, usinune.