Natumwa na ofisi Guangzhou kwenye maonyesho ya Canton, nataka niongeze siku za kutembea, nipangeje?

Mnyalu_wa_Mbezi

Habari zenu wakuu. Ofisini kwetu tunaagiza vifaa vya umeme, mambo ya soketi, taa na nyaya, sasa wameniambia mwezi wa kumi niende Guangzhou na bosi wangu wa manunuzi kwenye maonyesho ya Canton, ile awamu ya kwanza ya tarehe 15 mpaka 19. Sijawahi kwenda huko na kusema kweli sitaki nirudi nimeona ukumbi wa maonyesho, hoteli na uwanja wa ndege basi. Natamani kazi ikiisha nibaki siku tatu nne kwa hela yangu nizunguke, na Hong Kong naambiwa pale ni pua na mdomo. Bosi anarudi tarehe 20. Sasa hili naliingiaje ofisini, niwaambie mapema au nikishafika huko ndo nibadilishe tiketi? Na hiyo viza ya biashara inaruhusu kutembea? Mwenye uzoefu anishike mkono.

MamaVitenge

Hongera mdogo wangu, na hilo wazo lako ni zuri, watu wanaenda China miaka nenda rudi hawajui kitu zaidi ya soko na kontena.

Nianze na Hong Kong maana hapo ndo watu wanalia. Ni kweli treni ya kasi kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini mpaka West Kowloon ni kama saa moja tu, lakini Hong Kong ina uhamiaji wake, Macau vilevile. Ukivuka umehesabika umetoka China. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imeisha hapohapo, huwezi kurudi Guangzhou hata kama ndege yako ya kurudi nyumbani inaondokea pale na begi lako liko hotelini. Nimeshaona kijana wa watu amekaa pale mpakani na tiketi ya kesho yake mkononi, inauma. Kwa hiyo ama unaomba viza ya kuingia mara mbili tangu mwanzo, ama tiketi yako ya kurudi iondokee Hong Kong. Halafu ukipewa viza isome, kuna tarehe ya mwisho ya kuingia na kuna idadi ya siku za kukaa, hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya. Ukizidisha siku faini ni yuan 500 kwa kila siku mpaka ifike 10,000, na kukamatwa kupo.

Viza ya biashara haikukatazi kutembea siku zako za mapumziko, ila siku unazoomba zitoshe na hizo za matembezi, usiombe za maonyesho peke yake.

Mimi ningekuwa wewe ningeiacha Hong Kong nikaenda Guilin. Treni ya kasi ni masaa mawili na nusu mpaka matatu hivi kutoka Guangzhou, hutoki ndani ya China kwa hiyo viza haina shida. Chukua noti ya yuan 20 uigeuze nyuma, ile milima iliyosimama kama vichuguu pembeni ya mto ni pale Xingping, mto Li. Kuna meli inatoka asubuhi upande wa Guilin inateremka mpaka Yangshuo kwa karibu masaa manne, unakaa juu kabisa unaona nyati wamezama majini shingo tu ndo zipo nje, na milima inakuja mmoja nyuma ya mwingine. Yangshuo unakodi baiskeli unapita katikati ya mashamba. Mwezi wa kumi anga linakuwa safi, mwezi wa nne mvua na ukungu.

fundi_hesabu

Mkuu usithubutu kubadilisha tiketi ukiwa kule bila kusema. Mimi nipo upande wa uhasibu, nakwambia tunavyoona sisi. Mtu akileta retirement ya safari, yaani hesabu za matumizi ya safari, na pasi ya kupandia ndege ina tarehe tofauti na kibali, maswali yanaanza, hata kama hajala senti ya ofisi.

Andika barua mapema kabla tiketi haijakatwa, omba likizo ya siku hizo zikatwe kwenye likizo yako ya mwaka, sema wazi posho inaishia siku ya mwisho ya kazi na hoteli baada ya hapo ni juu yako. Halafu mwombe anayekata tiketi akupe bei mbili, ya kurudi tarehe 20 na ya kurudi tarehe unayotaka wewe. Ambatanisha zote. Ikitofautiana unalipa hiyo tofauti, ikiwa sawa au imeshuka bosi anasaini bila kuuliza mara mbili. Na bima ya safari ya ofisi mara nyingi inafunika siku za kazi tu, nunua ya kwako kwa zile zinazobaki.

Kipanga_wa_Ilala

Nakubaliana na mama kuhusu viza ila mi naona Guilin kwa mtu mgeni ni kukimbizana tu, Guangzhou yenyewe haijaisha. Kama wewe ni Muislamu Ijumaa nenda kaswali msikiti wa Saad bin Abi Waqqas karibu na bustani ya Yuexiu, kaburi linalonasibishwa na huyo sahaba lipo hapohapo. Utakuta Wachina, Waarabu, Waafrika safu moja, na ukitoka nje wauza mishikaki ya kondoo wamejipanga barabarani. Sio Muislamu basi nenda nyumba ya ukoo wa Chen, ilimalizika 1894, tazama mapaa yake, kule juu kabisa wamepanga visanamu vya udongo watu na majumba mamia kwa mamia, nilisimama pale shingo ikauma. Jioni mnara wa Canton mita 600 unauona vizuri zaidi ukiwa kwenye boti mtoni kuliko ukiupanda. Kote huko unafika kwa metro.

Ila fika siku mbili kabla ya maonyesho, utembee kwanza mwili uzoee, kule wametutangulia masaa matano.

MamaVitenge

Kipanga mdogo wangu hapo kwenye kutembea kabla nakataa. Siku za maonyesho hoteli za Guangzhou zinapanda bei sana, akitoka mjini kwenda Guilin anapumua. Halafu mtu aliyetumwa na ofisi amalize kwanza kazi ya watu, akili itulie, ndo atembee.

Mnyalu_wa_Mbezi

Asanteni sana jamani, nimeshaamua, Guilin. Barua naandika kesho. Swali la mwisho, malipo na WhatsApp inakuwaje?

MamaVitenge

Weka Alipay na WeChat, app za simu wanazolipia kule, ukiwa bado Dar, unga kadi yako ya Visa au Mastercard ujaribu kabisa. Malipo chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje hayana makato, yakizidi ni asilimia 3. WhatsApp na Google kwa intaneti ya kule hazifunguki, ila laini yako ya nyumbani ukiwasha roming zinafanya kazi, au nunua eSIM, laini ya intaneti isiyo na kadi, kabla hujaondoka. Tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla, kata kwa jina lilivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi, na hiyo pasipoti ndo unaingilia stesheni, usiiache hotelini.