Waainu wa Japani: kipi kinaigika huku Ukerewe, na kipi kiliwashinda?

Mdau_Nansio

Wakuu, salamu kutoka Nansio. Kikundi chetu cha utamaduni kinataka kurekodi wazee wa Kikerewe na Kikara, kisha kufundisha watoto wa shule za msingi kila Jumamosi. Kila kikao mtu anawataja Waainu, ila kila mmoja anawataja kivyake. Huyu anasema walifufua lugha, yule anasema wamebaki na makumbusho na ngoma za watalii.

Naomba wenye kujua wanisaidie haya: lugha yao ilififia kwa amri au vipi? Waliiandikaje? Ile nguo ya magome ni sawa na lubugo ya Wahaya? Na kitu gani hadi leo kimegoma? Tafadhali msiniambie "tuthamini mila zetu", hilo tumeshalikubali. Nataka hatua na makosa.

Kasuku_CapriPoint

Nianze na la kwanza, maana linapotoshwa sana.

Waainu ni wenyeji wa Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na zamani walikuwapo pia Sakhalin na visiwa vya Kuril. *Aynu* ni "mtu", basi. Waliishi kwa samoni wa mitoni, kulungu, dubu na biashara. Biashara ndiyo iliyowabana kwanza: ukoo wa Matsumae, watawala wa Kijapani, ulipewa ukiritimba, bei zikawa za upande mmoja, na mwaka 1669 wakainuka chini ya Shakushain. Aliuawa kwenye karamu ya suluhu.

Mwaka 1869 serikali ya Meiji, serikali mpya ya Japani, ikalibatiza eneo jina la Hokkaido na kumwaga walowezi. Mwaka 1871 ikatoka amri dhidi ya chale za midomo kwa wanawake, hereni kwa wanaume na desturi ya kuchoma nyumba ya marehemu, pamoja na agizo la kujifunza Kijapani. Mwaka 1876 mishale ya sumu ikakatazwa, na uvuvi wa samoni mitoni ukazidi kufungwa. Ndipo ikaja sheria ya 1899, iliyojiita ya "kuwalinda": kila kaya ilipewa hadi tsubo 15,000, karibu hekta 5, ilime. Usipolima ndani ya miaka 15, ardhi inarudi serikalini. Mvuvi anapewa jembe na kinamasi, halafu anahesabiwa miaka!

Sasa angalia: sheria hiyo haikupiga marufuku lugha. Haikuhitaji. Shule ilikuwa ya Kijapani, kazi ya Kijapani, na mzazi aliyeona mwanawe anachekwa akaacha kumsemesha Kiainu nyumbani. Kwa hiyo kikundi chenu msitafute adui kwenye gazeti la serikali. Msikilizeni bibi anamjibu mjukuu kwa lugha gani.

Sheria ya 1899 ilifutwa 1997, ndiyo, 1997. Bunge likapitisha azimio la kuwatambua mwaka 2008, na sheria ya 2019 ndiyo ya kwanza kuandika kwamba Waainu ni watu wa asili.

Kuhusu idadi, mtakutana na takwimu za mkoa wa Hokkaido: 23,782 mwaka 2006, kisha 13,118 mwaka 2017. Msiseme "wamekufa nusu". Dodoso lile linahesabu wanaokubali kujitaja, ndani ya Hokkaido tu. Waliohamia Tokyo hawamo, na wengi wanaona bora kunyamaza.

Herufi_na_Sauti

Mimi niende kwenye maandishi na kurekodi.

Waainu walikuwa na tenzi ndefu za kughani, *yukar*, zote kichwani. Wanazuoni wa Kijapani waliziandika, lakini kazi iliyobadilisha mambo ni ya msichana wa Kiainu, Chiri Yukie. Aliandika nyimbo 13 za miungu alizozirithi kwa wazee wake, ukurasa wa kushoto Kiainu kwa herufi za Kirumi, wa kulia Kijapani. Alifariki Septemba 1922 akiwa na miaka 19, kitabu kikatoka 1923. Mpangilio huo wa kurasa mbili zinazotazamana uigeni hivyo hivyo. Ukerewe mnaye Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, lakini iliyochapishwa 1980 ni tafsiri yake ya Kiswahili. Tafsiri ikisimama peke yake, mtoto anajua kisa, hajui lugha.

Herufi sasa. Leo Kiainu huandikwa kwa Kirumi na kwa katakana ya Kijapani. Katakana karibu kila herufi ni konsonanti na irabu pamoja: pu, ku, ri. Kiainu kinafunga silabi: *cep* (tamka "chep") ni samaki, *sat* ni kavu. Ukiandika *cep* kwa katakana ya kawaida, msomaji anatamka "chepu", na mtoto anakua akijua "chepu". Wakabuni herufi ndogo za kufungia silabi, na 16 kati yake zikaingia kwenye Unicode, kiwango cha herufi za kompyuta na simu, mwaka 2002. Hata hivyo ile ya *p* ni alama mbili zilizobebana, ㇷ゚, na kwenye simu nyingine kale kaduara kanaangukia pembeni. Ndogo hiyo, lakini mwalimu anayetuma somo kwa simu anaijua adha yake.

Funzo liko jirani kabisa: Kisukuma kina irabu saba, watu wanaandika tano, msomaji anabahatisha. Kikerewe chenu kina irabu ndefu na fupi. Amueni siku ya kwanza kwamba ndefu inaandikwa mara mbili (aa, ee), mbandike ukutani, na asiruhusiwe mtu kubadili katikati. Kamusi iliyoandikwa kwa mitindo mitatu ni kamusi tatu mbovu.

Kurekodi: faili liwe WAV, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana ule unabanwa na ncha za sauti zinapotea, hasa *s*, *z* na mwisho wa maneno. Kaeni chumba chenye mapazia au magodoro, mbali na bati mvua ikinyesha, na kipaza sauti kisitazame upande wa upepo wa ziwa. Mwanzoni mwa kila faili mzee ataje jina, kijiji na tarehe, na idhini yake irekodiwe humo humo. Kunukuu fanyeni kwa programu ya bure iitwayo ELAN, inayofunga kila sentensi na sekunde zake. Dakika moja ya sauti yaweza kula saa nzima ya kunukuu, kwa hiyo rekodi kidogo nukuu yote. Kosa la wengi ni kinyume chake: masaa mia kwenye diski, ukurasa hata mmoja hakuna, na mzee aliyeweza kufafanua neno ameshazikwa.

Kayano Shigeru wa kijiji cha Nibutani alianza na kinasa sauti cha mkanda mwaka 1960. Kanda zile ndizo zilizolisha kamusi yake, darasa la watoto, na mwaka 2001 redio ndogo ya kijiji. Pale bungeni, alikokuwa Mwainu wa kwanza kuingia, aliuliza swali kwa Kiainu mwaka 1994. Nyie mkifikiria redio, waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza masharti ya lugha kwenye leseni.

Fundi_Mtande

Mdau, hapana, si lubugo. Lubugo ni gome linalopondwa kwa nyundo ya mti hadi linatanuka kuwa shuka moja. *Attus* ya Waainu ni uzi uliofumwa. Gome ni malighafi tu.

Mti wake Wajapani wanauita ohyo. Gome hubanduliwa mwanzo wa kiangazi cha kwao, Juni hivi, utomvu ukiwa unapanda. Ukikosa msimu, gome linang'ang'ania mti na linakatika vipande vifupi visivyotoa uzi. Unakata kwa shoka chini ya shina, upana wa shibiri moja, unashika ncha kwa mikono miwili na kuvuta ukirudi nyuma. Ukanda unapasuka kwenda juu, unazidi kuwa mwembamba, mpaka unakatika wenyewe mita kadhaa juu. Unachukua upande mmoja tu wa mti. Ukizungusha shina lote, mti umekufa. Gome lililobaki hufungwa kwa ukanda ili upepo usiendelee kulibandua, na mti hushukuriwa kwa maneno kabla ya kuondoka.

Ganda gumu la nje linatolewa porini, la ndani linakunjwa na kubebwa. Ukilitazama ubavuni lina tabaka kama kurasa za daftari lililolowa, na kazi yote inayofuata ni kuzitenganisha. Linalowekwa kwenye maji yaliyotulia au ya chemchemi ya moto kwa siku kadhaa, au linachemshwa na maji ya majivu. Hapa ndipo wanafunzi wanaharibu. Ukilitoa mapema, tabaka hazitengani na unapata kamba badala ya uzi. Ukichelewa, nyuzi zinaoza na zitakatikia kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokazwa wakati wa kufuma. Ukifanya uvivu wa kusuuza ule utelezi, zinakauka ngumu kama majani ya mnanasi.

Tabaka zikishakauka hupasuliwa kwa kucha, upana wa milimita mbili hivi, na kuunganishwa moja moja kwa fundo mpaka liwe donge. Watu hudhani kufuma ndiko kunakochukua muda. La, ni mafundo.

Kufuma hakuna mashine. Mtande unafungwa kwenye kigingi mbele, ncha ya pili kiunoni mwa mfumi aliyeketi sakafuni. Akiegemea nyuma unakaza, akiinama unalegea. Ubapa wa mbao uitwao *attus-pera* unasimamishwa kufungua nafasi, mshindio, uzi wa kukatisha, unapita, kisha ubapa huo huo unalazwa na kuugonga ukae. Uzi ukikauka sana unakatika, kwa hiyo hulowanishwa kila mara.

Mwaka 2013 attus ya Nibutani, pamoja na sinia zao za kuchonga ziitwazo *ita*, zilipewa hadhi ya kitaifa ya ufundi wa jadi, za kwanza kutoka Hokkaido. Hadhi imeleta wanunuzi, haikuleta miti. Ohyo wakubwa ni wachache na msitu mwingi ni wa serikali. Ufundi unaweza kuwa mikononi mwako na malighafi ikawa mikononi mwa afisa.

Mdau_Nansio

Wabeja sana. Fundi, umenifumbua macho. Kwa hiyo kilichogoma ni miti? Na samoni je?

Kasuku_CapriPoint

Samoni ndiye kidonda. Kwao ni *kamuy cep*, samaki wa miungu. Kuvua samoni mtoni Hokkaido leo ni kosa bila kibali cha gavana, na Waainu huomba kibali kwa ajili ya ibada. Ibada ya kumpokea samoni mpya ilirejeshwa Sapporo, kwenye mto Toyohira, mwaka 1982. Picha nzuri, lakini fikiria mvuvi wa Ukara anaambiwa sato wake ni wa tambiko tu, wa kuuza hapana.

Kikundi cha Raporo Ainu Nation kilikwenda mahakamani mwaka 2020 kudai haki ya kuvua kwenye mdomo wa mto Urahoro-Tokachi kama walivyofanya mababu. Tarehe 18 Aprili 2024 Mahakama ya Wilaya ya Sapporo ikawakatalia. Sheria ya 2019 inazungumzia utamaduni, ruzuku za miji na urahisi wa vibali. Haitoi mto wala msitu.

Kesi ya kujifunza zaidi ni ya bwawa la Nibutani, mto Saru. Kayano na Kaizawa Tadashi walipinga ardhi yao kutwaliwa. Hukumu ya 27 Machi 1997 ikasema utwaaji ulikuwa kinyume cha sheria, na Waainu ni watu wa asili, mara ya kwanza mahakama ya Japani kusema hivyo. Ila bwawa lilikuwa limeshajengwa na kujazwa, kwa hiyo likaachwa. Pale maji yalipofunika ndipo walipokuwa wakizindulia mitumbwi yao, *cip*. Ukishinda kesi baada ya zege kukauka, umeshinda karatasi.

Herufi_na_Sauti

Niongeze kuhusu makumbusho, maana Mdau aliligusia. Upopoy ilifunguliwa 12 Julai 2020 Shiraoi, kando ya ziwa dogo la Poroto, na serikali ikatangaza lengo la wageni milioni moja kwa mwaka. Humo humo pana jengo la kuhifadhi mifupa ya Waainu iliyofukuliwa makaburini na watafiti wa vyuo vikuu. Baadhi ya familia zinataka irudi vijijini, kama ya Urakawa ilivyorudi 2016 baada ya kesi. Sisi tuliosubiri fuvu la Mkwawa hadi 1954 tunaelewa.

Lakini wamefanya jambo moja la kuigwa: bango la kwanza ni la Kiainu, Kijapani kinafuata, na kila mwandishi ameandika kwa lahaja ya kwao, hawakutengeneza Kiainu kimoja cha serikali. Basi linalopita Nibutani nalo tangu 2018 hutangaza kwa Kiainu. Hakuna anayejifunza lugha kwa tangazo la kituo, ila mtoto anaisikia nje ya darasa, mahali inapofanya kazi. Kwenu anzeni na mabango ya mwaloni, kwa wavuvi, na majina ya mitumbwi, na Kikara msikimeze ndani ya Kikerewe kwa sababu tu ofisi iko Nansio.

Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, nayo mtembelee, lakini angalieni Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, zaidi ya vibanda vya maonyesho. Ngoma ile inaendelea kwa sababu watu wana timu ya kushabikia.

Fundi_Mtande

La mwisho, Mdau. Lile fundo la kuunganishia nyuzi za attus ni fundo lile lile la kushonea nyavu. Mpe mzee yeyote anayeziba nyavu pale Kirumba Mwaloni nyuzi mbili, atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza. Angalizo: ncha fupi ikatwe ikibaki kama upana wa punje ya mchele. Ukiikata kabisa, fundo linateleza mtande ukikazwa; ukiiacha ndefu, inanasa kwenye ubapa na kung'oa jirani yake.