"Mvua ni baraka"?? Wewe uliyefungua mwavuli mbele yangu kwenye tamasha la muziki la Fuji Rock jana usiku, unajijua!

Binti Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa tiketi, huu una hasira zake peke yake.

Naandika nikiwa kwenye gari, tumesimama kituo cha mapumziko barabara kuu ya Kan-Etsu tunarudi Saitama, mikono inatetemeka na wala si baridi. Yeye yuko siti ya nyuma kalala mdomo wazi, kaukumbatia mwavuli wake kama mtoto mchanga. Jina simtaji. Hakuna haja. Mswahili yeyote aliyekaa Japani zaidi ya miezi sita anamjua, ni yule yule anayekuja kwenye nyama choma na pakiti moja ya chumvi na kuondoka na mguu wa mbuzi.

Sikilizeni. Hii bendi nimeisubiri miaka 11. Nimeanza kuwasikiliza niko sekondari Tanga, kwa simu ya dada yangu, hedifoni upande mmoja zimekufa. Nikaja huku, nikasema siku wakitangazwa Fuji Rock naenda hata kwa kutambaa. Wakatangazwa. Tiketi ya siku tatu ni zaidi ya yeni elfu 50, hapo hujala, hujalala, hujalipia gari, mimi toka Februari nakula tambi za kikombe na yai, yai lenyewe siku za sikukuu. Nikanunua koti la mvua la maana, nikanunua gambuti, maana kila anayejua Naeba, kule tamasha linakofanyika, anajua ule mlima hauna adabu, saa nane jua linakuchoma kisogo, saa tisa ndoo inamwagwa. Na kila mtu anajua, KILA MTU, kwamba kule kwenye majukwaa mwavuli hauruhusiwi. Unamziba wa nyuma, unamtoa mtu jicho. Ndiyo maana umati wote umevaa makoti ya mvua, wazee, watoto, hadi mama mwenye kichanga mgongoni.

Nimesimama Green Stage, lile jukwaa kubwa, tangu saa tisa mchana. Lile eneo linabeba watu kama elfu 40, mimi nimepata nafasi yangu karibu na mbele, sijaenda chooni, sijaenda kula, harufu ya ile nguruwe ya kuchoma ya juu ya wali inanijia puani nikawa naimeza kama ndiyo chakula. Saa tatu usiku taa zikazimwa. Watu kelele. Gitaa la kwanza likalia, lile lile la Tanga, machozi yakaanza kunitoka.

PAAAAH.

Nikajua ni ngoma. Kumbe mwavuli. Mbele ya uso wangu. Na si mwavuli wa kawaida jamani, ni ile miavuli ambayo nyumbani chini yake wanakaa mawakala wawili wa pesa za simu, friji ya soda na mteja anayesubiri chenji. Jukwaa likapotea. Elfu 40 wote wanaona, mimi naangalia kitambaa cha bluu.

Na siyo hivyo tu. Ncha ya chuma kimoja ilikaa sawasawa na kola yangu. Nikaliona tone linajikusanya, linavimba, linaning'inia pale kama linanichagua, halafu tii, shingoni, likashuka uti wa mgongo wote, likapita kiunoni, likaenda kutulia ndani ya gambuti la kushoto. Likaja lingine. Likaja lingine. Wimbo mzima! Wimbo niliousubiri miaka 11 mimi nahesabu matone!

Nikamgusa bega nikamwambia kaka, shusha, hairuhusiwi. Akageuka taratibu, mkavu kama dagaa, akaniambia:

"Dada, mvua ni baraka."

Mvua ni baraka. Wewe uko chini ya turubai, mimi naogeshwa kama maiti, halafu mvua ni baraka. Kama ni baraka kwa nini umeikinga? Si uifunge hiyo bluu yako ubarikiwe na wewe?

Palikuwa na mzee wa Kijapani pembeni, mpole, pengine ana miaka 70, akamwonyesha mikono miwili imepishana kama msalaba, ambayo huku hata mtoto wa chekechea anajua maana yake HAPANA. Jamaa akadhani ni ishara ya mashabiki wa bendi. Akamrudishia! Akapisha mikono yake na yeye, anatabasamu, mwavuli kaubana kwapani unapepesuka, matone sasa yananijia usoni. Mzee wa watu akainamisha kichwa akahama.

Nasema tena ili iingie. Gitaa linalia, taa zinazimwa, miaka 11, PAAAH, "dada, mvua ni baraka."

Hili tamasha watu wanaliheshimu jamani. Lile la kwanza kabisa mwaka 1997, chini ya mlima Fuji, walipigwa na kimbunga, siku ya pili ikafutwa, watu walikuwa wamekuja na fulana na kandambili tu. Ndipo watu wakajifunza makoti na mabuti, wakajifunza kuishi na ile mvua. Miaka yote hiyo, halafu anatokea mmoja kutoka kwetu, KUTOKA KWETU, anafungua kibanda cha vocha katikati ya Green Stage.

Sitamsamehe. Nimemaliza. Hapana sijamaliza, na hela ya barabara hajachangia.

---

Mzee wa Majani

Nimecheka mpaka nimepaliwa na chai. Mkavu kama dagaa 😂😂

---

kipepeo wa Kyoto

Pole dada. Huyo nishamjua kwenye pakiti ya chumvi tu, sikuhitaji kuendelea kusoma.

---

Fundi Gitaa

Uzi mrefu halafu bendi hujaitaja. Chai hii haina hata sukari. Saa sita umesimama bila kwenda chooni?

---

Binti Chumbageni

@Fundi Gitaa ndiyo, saa sita, nilikunywa maji vifuniko viwili tangu asubuhi, nilijipanga. Bendi siitaji kwa sababu nikiandika jina lao sasa hivi nasikia tone shingoni. Kaa kimya kama hujawahi kupenda kitu.

---

Nairobi kwa Saitama

Wacha nikwambie, afadhali huyo wa mwavuli. Mimi nilikuwa jukwaa jingine, White Stage, ule wimbo wa polepole, watu elfu na elfu wamenyamaza unasikia mto ule wa kando tu, msee mbele yangu akapiga simu ya video nyumbani. "Mama unaona? Mama si unaona? Washa taa sikuoni." Mama naye anauliza kama amekula. Tukajua sisi wote kwamba amekula. Tukajua na dadake amejifungua. Hongera lakini.

---

Msafwa Halisi

Sasa huo mlima Fuji wenyewe mliuona vizuri au mawingu?

---

kipepeo wa Kyoto

@Msafwa Halisi yaani wewe. Fuji Rock haiko Fuji. Mwaka wa kwanza tu ndiyo ilikuwa kule, 1998 ikafanyika Tokyo, na tangu 1999 iko Naeba, mkoa wa Niigata, kwenye milima ya kutelezea theluji. Jina limebaki tu.

---

Msafwa Halisi

Kwa hiyo mtu analipa yeni elfu 50 kwenda Fuji ambako hakuna Fuji halafu analalamikia mwavuli.

---

Binti Chumbageni

Wakuu tusitoke nje ya mada. Mwavuli. Bluu. Gitaa la kwanza.

---

Bwana Viti

Mada yenyewe ndogo. Tuongelee VITI. Mtu anakuja saa tatu asubuhi, anafungua kiti cha kukunja pale nyuma ya Green Stage, anaweka na jamvi, anaondoka. Harudi! Yuko jukwaa la Field of Heaven huko anaangalia zile taa za vioo msituni, kiti kinakaa peke yake masaa sita kinaangalia muziki. Mimi niliyelipa nasimama, kiti kimekaa. Na wakihama, kiti hawakikunji, wanakibeba kimefunguka gizani, nimepigwa mguu wa kiti hapa kwenye goti limevimba kama embe dodo. Mwavuli unaweza kukuvimbisha goti?

---

Mzee wa Majani

@Bwana Viti nakazia. Viti ni janga. Mwavuli ukikukera unauvuta, kiti unakivutaje na hakina mtu?

---

mama wawili Chiba

Ndiyo maana mimi nawaambia kila mwaka njooni tamasha la Summer Sonic. Iko Chiba hapa hapa, majukwaa mengine yako ndani ya ukumbi, kiyoyozi kinapuliza, unapanda treni unarudi kitandani kwako. Nyie mnalipa kwenda kuteswa porini mnakuja kulia hapa.

---

Nairobi kwa Saitama

@mama wawili Chiba Agosti pale uwanjani nje ni tanuri mama, usitudanganye. Heri mvua ya Naeba.

---

Fundi Gitaa

Wote hamjui kitu. Rising Sun, Hokkaido, mnapiga muziki mpaka jua linachomoza, hakuna joto la kukuua. Nilikwenda mara moja, bendi ya mwisho inapiga mbingu inageuka rangi, kila mtu kimya. Hiyo ndiyo tamasha.

---

Kijana wa Mteremko

Nyie mnaongelea majukwaa, mimi sijalala siku tatu. Nilichelewa kufika, sehemu zote za kambi zilizo tambarare zimeshajaa, nikabaki na ile ya mteremko, uwanja wa gofu ule mnaujua. Rafiki yangu, naye simtaji, akasema yeye alale upande wa juu kwa sababu ana mgongo. Saa nane usiku akaanza kuteleza. Saa tisa yuko juu yangu. Saa kumi tuko wote mlangoni pa hema, nusu yangu iko nje inanyeshewa, na anakoroma. Siku ya pili nikamwambia tubadilishane. Akasema mgongo. Mtu ana mgongo lakini siku nzima anaruka mbele ya jukwaa la Red Marquee kama panzi.

---

kipepeo wa Kyoto

@Kijana wa Mteremko 😂😂😂 nusu iko nje

---

Binti Chumbageni

Ameamka. Anaomba chaja.

---

Mzee wa Majani

Usimpe!!!

---

Nairobi kwa Saitama

Mwambie umeme ni baraka.

---

Binti Chumbageni

Nimemwambia sina na waya unaonekana hapa mkononi. Ameangalia waya, ameniangalia, akasema "bado umenuna kwa ajili ya vile vitone?" VITONE. Wakuu nashuka kwenye gari.

---

Jicho la Tai

Nimesoma uzi wote. Kuna mambo mawili hapa. Kwanza, huyo ndugu pengine ana kifua, mvua ya milimani si mchezo, na pengine hakujua sheria. Pili, ungemuomba vizuri akusogeze chini ya mwavuli mkae wote wawili, yakaisha.

---

kipepeo wa Kyoto

@Jicho la Tai akaunti imefunguliwa leo, posti ya kwanza hii. Kaka chaja umepata?

---

Bwana Viti

😂😂😂😂 amekamatwa

---

Jicho la Tai

Mimi siye. Mimi niko Osaka.

---

Binti Chumbageni

Yuko hapa mbele yangu anaandika na simu yenye asilimia tatu. Andika haraka kaka, baraka inaisha.

---

Bwana Viti

Turudi kwenye viti. Nani anajua kama wale wa lango la takataka, wale vijana wanaokupa mfuko na kukuonyesha chupa iende wapi na kifuniko kiende wapi, wanapokea kiti kilichoachwa? Nimeona kimoja kizuri kabisa jana asubuhi kimebaki peke yake, kijani.

---

mama wawili Chiba

Kwa hiyo kumbe ulikuwa unakitaka.

---

Bwana Viti

Nimeuliza tu.

---

Msafwa Halisi

Na ile Dragondola, kile kibanda cha kuning'inia kwenye waya cha kupanda juu mlimani, ni kweli ni kilomita tano na nusu? Shemeji yangu alilia njia nzima kwenda na kurudi, amenikatia simu tangu jana kwa sababu nilimwambia ni dakika tano tu.

---

Fundi Gitaa

@Msafwa Halisi kweli, na hakuna ndefu kuliko hiyo Japani nzima. Mpelekee keki.

---

Kijana wa Mteremko

Nauza gambuti za kike, nilinunulia mtu hakuja, naye simtaji. Sentimita 24 na nusu, hazijavaliwa, za kijani. Niko Kawaguchi. Na hema bure kwa atakayekuja kulichukua, sitaki kuliona.

---

kipepeo wa Kyoto

Hema limetoboka?

---

Kijana wa Mteremko

Halijatoboka. Lina kumbukumbu.

---

Binti Chumbageni

@Kijana wa Mteremko hizo gambuti shilingi ngapi? Nimevua langu la kushoto hapa kituoni, nimemwaga maji, na kitambaa cha ndani kimebanduka chote kimetoka na soksi. Kawaguchi tunapita.