Mahindi ya Makutupora: tulikosea kuyakata?

Wakuu, naomba tujadili GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, bila kutukanana.

Oktoba 2016, pale Makutupora nje kidogo ya jiji la Dodoma, watafiti walipanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba chini ya mradi wa WEMA, uliotafuta mahindi yanayotumia maji kidogo kwa ajili ya Afrika. Jeni iliyoingizwa imetoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis, na ilitarajiwa kuusaidia mmea kuhimili upungufu wa maji. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 serikali ikarudia msimamo huohuo.

Mimi naona tulikosea. Serikali ina haki ya kuzuia mbegu isiingie sokoni, lakini shamba la utafiti lililozungushiwa uzio na kulindwa lilikuwa linatutafutia majibu ya hapahapa kwetu. Mvua yetu hapa Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na kinachotuumiza zaidi ni mpangilio wake. Februari jua linakaza wiki kadhaa, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, punje hazishiki. Mvua ikirudi Machi inanyeshea mabua. Mbegu iliyopimwa kwenye nchi yenye mvua nyingine haiwezi kutujibu swali hilo.

Mkulima wa Kongwa:
Kaka, nimekusoma, ila nakupinga. Kwanza, kwa nini mahindi? Ardhi hii ni ya mtama na uwele. Pili, jeni hiyo ni mali ya Monsanto, kampuni ya mbegu ya Marekani, na Monsanto yenyewe ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani mwaka 2018. Tuliambiwa mkulima mdogo hatalipa mrabaha, yaani malipo kwa mwenye jeni. Sawa, lakini mbegu ni chotara, kwa hiyo kila msimu narudi dukani, wakati mtama wangu natunza mwenyewe. Tatu, Afrika Kusini walikataa mwaka 2018 mahindi yenye jeni hiyohiyo pamoja na nyingine, kwa kuwa takwimu hazikuonyesha faida ya kutosha wakati wa ukame. Tungetoa fedha zetu kwa ahadi tu?

Mleta mada:
Ndugu yangu, hoja ya umiliki ni nzito na sitaikwepa. Hata hiyo ya Afrika Kusini naikubali, tena inaniunga mkono: walikataa wakiwa na takwimu mkononi.

Ila usipime teknolojia nzima kwa mahindi. Tazama mihogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia unaozesha kiazi ardhini huku majani yakikudanganya kwamba mmea ni mzima, na virusi vyake vinasambaa kwa nzi weupe na kwa pingili tunazogawiana. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha mihogo iliyobadilishwa vinasaba ili ikinze ugonjwa huo. Muhogo unapandwa kwa pingili: ukishaupata, unamkatia jirani, dukani hurudi. Hapo woga wa kununua kila msimu unapungua sana.

Ninachodai ni utafiti ufanywe na taasisi zetu za umma, uanze na mazao yetu, na matokeo, hata yale ya Makutupora, yasomwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya vijiji.

Sasa nikuulize wewe unayelima mtama. Gugu la kiduha linanyonya mizizi ya mtama, na mbegu zake zinakaa udongoni miaka mingi. Ikipatikana mbegu ya mtama inayokikinza, imetoka kituo chetu cha utafiti wa kilimo cha Hombolo, na unaruhusiwa kuitunza, bado ungeikataa? Na kama ungeikubali, kwa masharti gani?