Tupeane uzoefu: ile picha ya zamani ya kwenu yenye gari, nyuma yake kuna kisa gani?

Mjukuu wa Pijo:
Wakuu salaam. Wiki iliyopita nilikuwa Moshi kwa bibi, akanitolea albamu inayonukia naftalini. Ndani yumo babu, Pasaka ya 1971: bugaluu, raizoni, nywele kama mwavuli, mguu mmoja juu ya bampa la Peugeot 404. Sisi wajukuu tumekua tukijua babu alikuwa na Pijo. Nikamuuliza bibi liliishia wapi. Alicheka mpaka akavua miwani. Gari lilikuwa la mgeni aliyeingia kanisani, na mpiga picha alikuwa anatoza kwa kila kichwa! Ikuzeni hiyo picha, mtazame kwenye kromu ya bampa. Utaona foleni ya vijana wanasubiri zamu zao, wa mbele keshakunja mikono ya shati. Naipenda picha hii kuliko zote. Leteni za kwenu.

Fundi Karabureta:
Mkuu, babu apewe heshima yake, ila hiyo ni Austin Cambridge. Angalia mapezi ya nyuma.

Mjukuu wa Pijo:
Fundi, shikamoo, lakini hapo nakukatalia. Tazama katikati ya grili, chini ya goti la babu. Simba huyo, nembo ya Peugeot!

Fundi Karabureta:
Marahaba. Nimemwona simba, yaishe. Wengi hapo huteleza, maana magari yote mawili yalichorwa na Pininfarina wa Italia. Babu alichagua vizuri.

Mama Wawili, Dar:
Yangu ni ya harusi ya wazazi wangu, miaka ya themanini mwanzoni. Wakubwa mnakumbuka mafuta yalivyokuwa shida, gari binafsi Jumapili mwisho saa nane mchana. Sasa misa ikarefuka. Wanatoka kanisani imebaki robo saa, na ukumbi uko upande wa pili wa mji. Kwenye picha hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Baba anatazama saa yake, mama ameshika mkono wa baba anatazama saa hiyohiyo, padri anatazama saa ya ukutani. Msimamizi anasukumia shela ndani ya gari kwa mikono miwili kama anashindilia pamba kwenye gunia. Dereva keshawasha, moshi unaonekana. Walifika. Mama anasema keki aliikata bado anahema.

Kijana wa Kitui:
😂😂 Shela kwenye gunia! Ngoja niwape ya mjomba. Alikuja nyumbani kutoka Nairobi na Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kuingia kijijini kwetu. Wazee wakaomba kuona injini. Akawafungulia mbele makusudi. Picha ilipigwa hapohapo: vichwa kama kumi vimeinama ndani, na ndani kuna sanduku la nguo na mkungu wa ndizi. Fundi baiskeli wa kijiji ameshika spana, mdomo wazi. Pembeni yuko nyanya na birika la maji, ameambiwa gari likitoka safari ndefu hunyweshwa. Alizunguka gari lote akitafuta pa kumimina, maana injini ile inapozwa kwa hewa, haina rejeta. Mwishowe alimnywesha mjomba.

Fundi Karabureta:
Nyanya hakukosea, dereva naye hupata joto. Halafu msiidharau kobe. Mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) ya kwanza kabisa, 1953, ni Volkswagen iliyoshinda.

Binti Korogwe:
Fundi umegusa penyewe. Baba yangu aliazima kamera akakesha barabarani kusubiri magari ya Safari yapite. Alikuwa anamtaka mmoja tu, Bert Shankland wa Dar es Salaam, yule aliyeshinda na 404 mwaka 1966 na 1967, msaidizi wake Chris Rothwell. Gari lilipita kama upepo. Picha ilipotoka studio ilikuwa vumbi tupu. Vumbi, mkonge, na kofia ya mtu inapaa. Baba aliiwekea fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya redio. Kila mgeni akija, kabla ya chai, baba huichomoa na kuweka kidole: "Shankland huyu hapa." Mgeni anaitikia.

Mjukuu wa Pijo:
Dada, itume tuikuze. Labda tairi litaonekana.

Binti Korogwe:
Nimejaribu, kaka. Pale anapoweka kidole pameshafutika, pamebaki peupe. Miaka zaidi ya hamsini kidole hapohapo. Na bado juzi kamwonyesha mchumba wangu.

Mama Wawili, Dar:
Mchumba alimwona Shankland?

Binti Korogwe:
Alisema ameona mpaka namba za mlangoni. Baba kashakubali posa.